Walipiga Marufuku Pombe ya Jirani

Kuna hoja moja kila mtu hutembea nayo mfukoni. Ukizungumzia kupiga marufuku kitu chochote, iwe bangi, bunduki, sigara za umeme au mirungi, lazima atokee mtu aseme: "Si Marekani walijaribu na pombe, wakashindwa? Binadamu atakunywa tu." Watu wanaitikia, mada inafungwa. Hata kwenye podikasti yetu imeshatumika, tena zaidi ya mara moja.

Mimi siikubali. Yaani, siikubali jinsi inavyosemwa. Ingekuwa binadamu anafanya tu apendalo, basi hata taa za barabarani tusingeziweka. Sheria ile ilianguka kwa sababu zake, zinajulikana, na ukizichunguza utaona kiu ni ndogo kati yake. Kubwa ni kwamba watu waliopiga marufuku pombe walikuwa wanapiga marufuku pombe ya jirani. Ya kwao walidhani itabaki.

Tuanze na waliotaka sheria yenyewe, maana siku hizi wanachorwa kama vikatuni: akina mama wenye kofia, wamenuna, wanavunja chupa kwa shoka. Msiwacheke. Marekani ya karne ya 19 ilikunywa kupita kiasi, pombe kali, wanaume hasa. Mshahara uliishia baa kabla haujafika nyumbani. Mke hakuwa na kura, na mahali pengi hakuwa na sauti kubwa juu ya pesa wala nyumba. Akipigwa, aliambiwa ni mambo ya ndani. Woman's Christian Temperance Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1874 na baadaye kuongozwa na Frances Willard, kilidai pombe ikomeshwe na wanawake wapige kura, vyote viwili kwa pamoja. Kama umewahi kumsikia mama au shangazi yako akisimulia mambo ya mwisho wa mwezi mtaani kwao, hasira ile unaielewa bila kuelezwa.

Lakini hasira ya akina mama peke yake haikubadilisha katiba. Iliyobadilisha ni Anti-Saloon League, iliyozaliwa Ohio mwaka 1893, na bwana mmoja aitwaye Wayne Wheeler. Huyu hakujali uko chama gani, wala hakujali kama wewe mwenyewe unakunywa. Alijali kura yako bungeni, basi. Mbunge mlevi aliyeunga mkono marufuku alikuwa rafiki yake. Mbunge asiyegusa pombe lakini akapinga marufuku, Wheeler alihakikisha uchaguzi ujao anarudi nyumbani. Angalia hapo: tangu mwanzo, kulikuwa na watu waliopiga kura ya kuwanyima wengine huku glasi zao ziko mezani.

Na "wengine" walikuwa akina nani? Baa za mijini zilikuwa za Waayalandi, Wajerumani, Waitaliano, Wapolandi. Ndipo mhamiaji alipopata kazi, alipopokea barua, alipokutana na mwanasiasa wake. Kwa Mprotestanti wa mji mdogo, baa na mgeni na Mkatoliki vilikuwa kitu kimoja. Kusini, wanasiasa walimchora mtu mweusi aliyelewa ili kuwatisha wazungu, kisha wakaomba kura. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, ikawa rahisi zaidi. Watengenezaji wakubwa wa bia walikuwa na majina ya Kijerumani: Pabst, Schlitz, Anheuser-Busch. Ghafla kunywa bia kukawa ni kumsaidia Kaisari.

Halafu kuna kodi. Kazi yangu ni mahesabu ya kodi, kwa hiyo mtanivumilia. Kwa miaka mingi ushuru wa vileo ulikuwa moja ya nguzo kuu za mapato ya serikali ya Marekani. Huwezi kufunga bomba unalonywea. Mwaka 1913 rekebisho la 16 la katiba likaruhusu kodi ya mapato, na hapo wapinga pombe wakapata walichokikosa kwa miongo: serikali ingeweza kuishi bila pombe. Wekeni hilo akilini, tutalirudia.

Kongresi ilipitisha rekebisho la 18 mwezi wa Desemba 1917, majimbo ya kutosha yakaliridhia Januari 1919, na likaanza kufanya kazi tarehe 17 Januari 1920. Lilikataza kutengeneza vileo, kuuza, kusafirisha, kuingiza nchini na kupeleka nje. Soma tena orodha hiyo. Kunywa hakumo. Pombe uliyokwisha kuiweka nyumbani kabla ya siku ile ilikuwa halali yako, unywe na wageni wako. Wenye pesa walielewa haraka, wakajaza maghala yao. Mfanyakazi wa kiwanda aliyenunua bia glasi moja moja jioni angeweka akiba wapi?

Sheria ya utekelezaji ilipita Oktoba 1919. Rais Woodrow Wilson aliikataa kwa kura ya turufu, Kongresi ikaipitisha hivyo hivyo. Inaitwa kwa jina la Andrew Volstead, mbunge wa huku kwetu Minnesota, kutoka mji mdogo wa Granite Falls. Ndani yake mna namba iliyoharibu kila kitu: nusu ya asilimia moja. Kinywaji chochote kinachofika kiwango hicho cha kilevi kilikuwa haramu. Bia ya kawaida ina asilimia 4 au 5. Watu wengi waliounga mkono marufuku walidhani shabaha ni wiski na baa chafu za mtaani. Bia nyepesi na divai ya chakula cha jioni wakajua zitapona. Hazikupona. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Volstead mwenyewe alipoteza kiti chake mwaka 1922.

Basi sheria ikawa kali kwenye namba na legevu kwenye milango. Daktari aliweza kukuandikia wiski kwa cheti, ukaichukue duka la dawa. Padri na rabi waliruhusiwa divai ya ibada, na inashangaza kiasi gani cha ibada kiliongezeka miaka ile. Maji ya matunda ya kutengeneza nyumbani yaliruhusiwa, kwa hiyo wakulima wa California wakauza zabibu zilizokandamizwa kama matofali, na onyo juu yake: usiyaache ndani ya mtungi mahali fulani kwa muda fulani, yatageuka divai. Onyo lenyewe ndilo lilikuwa maelekezo ya upishi.

Wa kuzuia yote haya walikuwa askari wa marufuku wapatao 1,500 mwanzoni, nchi nzima, yenye mpaka mrefu wa Kanada na pwani mbili. Mshahara mdogo, na kazi ziligawiwa kwa kujuana mpaka mwaka 1927. Ukimpa mtu kama huyo bunduki na kumsimamisha mto Detroit, ambako wakati wa baridi magari yalivuka juu ya barafu yakiwa yamebeba kreti za wiski, unategemea nini? Kitu kidogo hakikuvumbuliwa Dar wala Nairobi. Na majimbo hayakusaidia. Maryland haikupitisha kabisa sheria yake ya utekelezaji. New York ilifuta yake mwaka 1923.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha hapa hapa. Mwendo wa zaidi ya saa moja kaskazini-magharibi ya Minneapolis iko kaunti ya Stearns. Wakati ule wengi wa wakazi wake walikuwa wakulima Wakatoliki wenye asili ya Ujerumani, na Wapolandi pia. Kwao bia ilikuwa ya meza, ya harusi, ya sikukuu ya parokia. Vita vilipoisha bei za mazao zilianguka, na mkulima aliyekuwa amekopa ili apanue shamba akajikuta benki inamkodolea macho. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa kimetoa mbegu ya mahindi inayokomaa mapema, inayofaa kiangazi chetu kifupi, ikaitwa Minnesota 13. Wakulima wa Stearns wakaichukua mbegu ile wakapika gongo, gongo ikachukua jina la mbegu, na sifa zake zikavuka mipaka ya jimbo. Mashamba yakanusurika. Niambieni, huyu mkulima alikuwa mlevi aliyeshindwa kujizuia? Alikuwa mtu aliyeona sheria imeandikwa na watu wasiokula mezani kwake, tena katika mwaka ambao hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Leo kaunti hiyo hiyo, mjini St. Cloud, wanaishi Wasomali wengi, na nimeshawahi kukaa kwenye kikao nikisikia mwenyeji akilalamika kwamba hawa wageni hawafuati sheria za nchi. Nilitamani kumwuliza babu yake alikuwa anapika nini.

Sehemu ya sumu ndiyo inayonikera zaidi, na ndiyo isiyosimuliwa. Spiriti ya viwandani ilikuwa halali, kwa rangi, kwa dawa za kusafishia na mambo kama hayo, na kwa muda mrefu iliwekwa vitu vya kuifanya isinyweke. Magenge yakaiba, yakaajiri wanakemia, yakaisafisha na kuiuza. Serikali ikajibu kwa kuongeza sumu, methanoli hasa, ikijua kabisa kwamba spiriti ile inaishia matumboni mwa watu. Krismasi ya 1926 hospitali za New York zilipokea watu wengi waliolewa sumu, na makumi wakafa siku zile. Daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji, Charles Norris, alisema waziwazi kwamba serikali inabeba lawama ya kimaadili, na akaongeza jambo ambalo mimi nililisoma mara mbili: wanaokufa ni maskini, kwa sababu tajiri ana pombe nzuri. Wheeler yeye alisema anayekunywa spiriti ile anajiua mwenyewe kwa makusudi. Mwaka 1930 kikaja kisa cha dawa ya tangawizi iliyouzwa madukani, yenye kilevi kikali. Watengenezaji waliichanganya na kemikali ili wapite ukaguzi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakapooza miguu. Wengi wao walikuwa vibarua wa Kusini na mitaa ya maskini. Mwenye asili ya Kenya ataona anachokijua: chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikaendelea kupikwa gizani, na mwaka 2000 methanoli iliua watu zaidi ya mia moja Nairobi. Ilihalalishwa mwaka 2010 ili angalau ipimwe, ingawa vifo havikukoma.

Al Capone mnamjua, sitamrudia. Nitasema tu kwamba walipomtia hatiani mwaka 1931 ilikuwa ni kwa kukwepa kodi ya mapato, na sisi watu wa mahesabu tunajivunia hilo hadi leo.

Sasa tuulize nani alikamatwa. Rais Warren Harding aliwakaribisha marafiki zake wiski ndani ya Ikulu. Wabunge na maseneta walikuwa na muuzaji wao, George Cassiday, aliyefanya biashara ndani ya majengo ya Kongresi kwa miaka, kisha mwaka 1930 akaanika mambo kwenye gazeti la Washington Post na kueleza kwamba wateja wake walikuwa wengi kuliko wasiokuwa. Wakati huohuo, mwaka 1928, mama mmoja wa watoto kumi huko Lansing, Michigan, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuuza jini, kwa kuwa lilikuwa kosa lake la nne. Baadaye adhabu ilipunguzwa, lakini nchi nzima ilikuwa imeshaona. Na huko kaunti ya Williamson, Illinois, mwaka 1923 na 1924, Ku Klux Klan walivamia nyumba za Waitaliano kwa jina la kutekeleza sheria ya pombe. Nyumba za watu, usiku. Klan wa miaka ya 1920 walikuwa wanachama wakubwa wa marufuku, na haikuwa kwa sababu ya afya ya ini.

Hapo ndipo hoja ya "binadamu atakunywa tu" inapoanguka kwangu. Kwa sababu kweli watu walipunguza! Wachumi waliokisia kwa kutumia vifo vya ugonjwa wa ini na takwimu nyingine wanaona unywaji ulishuka sana mwanzoni, hadi karibu theluthi ya kiwango cha zamani, kisha ukapanda taratibu hadi asilimia 60 au 70. Haukurudi ulikokuwa. Ungeangalia ini peke yake ungesema sheria imefaulu nusu. Walichokiacha watu si maji, ni imani kwamba sheria ni yao wote. Hakimu anahukumu mchana na kunywa usiku. Baraza la wazee wa mahakama linakataa kumtia mtu hatiani kwa chupa ambayo wao wenyewe wanayo nyumbani. Ukishafika hapo, hata uongeze askari mara kumi, unaongeza rushwa mara kumi.

Aliyeliona hili vizuri alikuwa Pauline Sabin, mwanamke tajiri wa New York, mwana Republican, ambaye mwanzoni aliunga mkono marufuku. Mwaka 1929 alianzisha jumuiya ya wanawake ya kutaka sheria ifutwe, na ikapata wanachama zaidi ya milioni moja. Alitumia maneno yaleyale ya akina mama wa 1874: nyumba, watoto, heshima. Tofauti ni kwamba alisema watoto wanakua wakijifunza kuidharau katiba. Wheeler alikuwa ameshafariki, na wapinga pombe hawakuwa na jibu kwa mama.

Lakini mnisamehe, mhasibu ndani yangu anasema Sabin asingeshinda mapema hivyo bila anguko la uchumi la 1929. Kodi ya mapato ni tamu watu wakiwa na mapato. Yalipokauka, serikali ikakumbuka bomba lake la zamani. Bia nyepesi ilirudi tarehe 7 Aprili 1933, na tarehe 5 Desemba 1933 Utah, naam, Utah ya Wamormoni, ikawa jimbo la 36 kuridhia rekebisho la 21. Ni rekebisho pekee la katiba ya Marekani lililowahi kufuta jingine. Kila jimbo likaachiwa liamue lenyewe. Mississippi lilikaa kavu mpaka 1966.

Kwa nini nayasema haya kwenye ukurasa huu? Kwa sababu ya mirungi. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, ingawa baraza la wataalamu wa serikali lilikuwa limeshauri isifanye hivyo. Hapa Marekani kathinoni, kemikali inayopatikana kwenye majani mabichi, imo kwenye kundi la dawa zilizokatazwa kabisa tangu 1993. Na miongoni mwa waliodai marufuku kule Uingereza walikuwemo Wasomali wenyewe, wake na mama waliochoka na waume wanaokesha wakitafuna. Ni akina mama wale wale wa 1874, wamevaa baibui.

Mwezi uliopita msikilizaji wetu mmoja, mama wa makamo, alituandikia akitaka podikasti ichangie kuomba polisi wa mji waivalie njuga. Mumewe anatafuna kodi ya nyumba. Alitaka tutoe jina letu. Nimemwambia hapana, na nimemweleza kwa nini. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya watu wanaojijua. Imeandikwa na watu ambao hawajawahi kuona mirungi, juu ya watu ambao hawawajui. Kahawa yao haimo. Anayesimamishwa barabarani na fungu la majani ni mtoto wetu, na kosa la dawa za kulevya linaweza kumpotezea mhamiaji kibali cha ukaazi na kumrudisha alikotoka. Mlevi wa 1920 angalau alibaki Marekani.

Wenzangu mliosoma madrasa mtasema: lakini kwetu pombe si ilikatazwa na watu wakaacha? Ndiyo, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba katazo lilikuja kwa hatua, kwa watu walioamini kwanza, na aliyekataza alikuwa wa kwanza kutokunywa. Hakuna mahali hapo panapofanana na Kongresi ya 1919.

Yule mama nilimwuliza pia anachohitaji hasa. Nilitegemea aseme mirungi iishe. Alisema anataka mshahara wa mumewe uingie kwenye akaunti ambayo yeye pia anaiona, na anataka mtu mzima wa kiume anayeheshimika aende kumkalisha chini. Kwa hilo la kwanza nimempa namba ya shirika linalosaidia familia bila malipo, na nimejitolea kukaa naye kwenye makaratasi. Kwa la pili tunatafuta mzee. Kuhusu polisi bado hakubaliani nami, na amenijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, mkali kweli kweli. Ameruhusu tuucheze Jumapili, na hatutaukata.